Makosa ya Wanaoanza Kurekodi Sauti Nje ya Studio

Ndugu wasikilizaji, kwa kuwa wengi wenu ndio mnaanza kazi hii, nitazungumzia zaidi rekodi zilizoharibika kuliko zilizofanikiwa. Rekodi nzuri mara nyingi haielezi kwa nini ni nzuri, ilhali iliyoharibika hubeba alama ya kosa lililoiharibu, na anayeweza kuitambua alama hiyo kwa sikio hujua la kurekebisha kabla hajakimbilia dukani kutafuta maikrofoni ya bei kubwa.

Tuanze na upepo, ambao hutushinda zaidi sisi watu wa pwani. Chukueni mfano wa kijana anayerekodi ngoma ufukweni Bagamoyo saa tisa alasiri: pale pale haoni tatizo lolote, lakini akisikiliza nyumbani anakuta ngurumo nzito inayokuja na kuondoka, imewafunika waimbaji. Ngurumo hiyo si mvumo tunaousikia minazini. Ni hewa yenyewe inayosukasuka kwenye kiwambo cha maikrofoni, yaani utando mwembamba unaopokea sauti, na nguvu yake kubwa iko katika masafa ya chini, yaani sauti nzito. Wengi hudhani kwamba kompyuta itaiondoa baadaye. Ni kweli kwamba programu hukata masafa ya chini, lakini ngoma kubwa nayo sauti yake iko huko huko, na tena upepo ukishaizidi maikrofoni nguvu, sauti nyingine zote za wakati huo huharibika pamoja nao. Sponji inayouzwa pamoja na maikrofoni hufaa kwa pumzi za msemaji na upepo mwepesi tu. Ufukweni panahitaji kifuniko chenye manyoya marefu, kinachoipunguza hewa kasi kabla haijafika kwenye kiwambo. Asiye nacho achague saa. Upepo wa baharini wa mchana huletwa na nchi kavu kupata joto kuliko bahari, na ndiyo sababu alfajiri kwa kawaida huwa shwari kuliko alasiri, ingawa katika miezi ya kusi sithubutu kumwahidi mtu hata alfajiri.

Kosa la pili ni umbali. Ukizungumza na mtu kando ya barabara, akili yako huchagua maneno yake na kuzipuuza bodaboda, maikrofoni haichagui. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi, lakini kelele za barabara hubaki zilivyo. Kwa hiyo anayesogea kutoka mita 2 hadi nusu mita hujipatia desibeli 12 bila kutoa hata senti. Hugh Tracey, aliyerekodi muziki katika Tanganyika na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, alikuwa na mazoea ya kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza karibu na mpigaji au mwimbaji. Mkono wa namna hiyo uwe umetulia, maana kila kidole kinachocheza husikika.

Kuhusu kiwango cha kurekodi, yaani ukubwa wa sauti inayoingia kwenye kifaa, vifaa vya kidijitali vina sifuri ambayo sauti haiwezi kuivuka: ikifika hapo hukatwa kichwa, ikasikika kama inachanika, na hakuna dawa ya kuirudisha. Acheni vilele vya sauti vifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, na mrekodi kwa biti 24, mpangilio wa kifaa unaohifadhi sauti kwa undani zaidi, kwani kwa biti hizo sauti ndogo inaweza kukuzwa baadaye. Lakini kosa ninaloliona gumu zaidi kulitambua ni la kifaa kilichoachwa kijipangie kiwango chenyewe. Sikilizeni usiku wenye nyenje: ngoma inapopigwa mara moja, nyenje hupotea ghafla, kisha hurudi polepole kana kwamba waliogopa. Nyenje hawakunyamaza, ni kifaa kilichojishusha na kujipandisha.

Nimeulizwa na kijana aliyekaa nyuma kama simu inatosha. Inatosha kuanzia, mradi utumie programu inayoruhusu kuzima upangaji huo wa kiwango na kuhifadhi faili la WAV badala ya lililobanwa. Ugeuzie upepo mgongo, mwili wako uikinge simu, usifunike tundu la maikrofoni kwa kiganja, na kabla ya kuanza utamke mahali, saa, umbali na hali ya upepo. Kisha vaa hedifoni usikilize sekunde chache ulizorekodi kabla wapigaji hawajatawanyika.