Gari la Marehemu Baba: Kutu Kwanza, Injini Baadaye

ZUHURA: Karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu Salim yuko hapa, kaja na mikono myeusi kama kawaida yake.

SALIM: Nimenawa, bibi wee. Hii ni oili ya injini za dizeli, haitoki kwa sabuni ya wastaarabu.

ZUHURA: Leo mada nimeichagua mimi kwa sababu inanihusu. Marehemu baba ameacha Peugeot 504. Imekaa chini ya turubai tangu aache kuendesha, na kila anayefika nyumbani ananiuliza jambo lile lile: inawaka?

SALIM: Wanakuuliza swali la mwisho kana kwamba ni la kwanza.

ZUHURA: Gari si injini, Salim?

SALIM: Injini imefungwa kwa bolti. Ikifa unaishusha, unaifungua mezani, au unatafuta nyingine. Bodi unaishushia wapi? 504 haina chesisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Sakafu, mihimili ya chini ya milango, kuta za ndani pale penye springi za mbele, vyote vinabeba uzito. Kutu ikiingia huko, gari linaweza kuwaka vizuri sana na bado likawa halifai kupakia mtu. Kwa hiyo mimi nakuuliza jingine: umeshalala chini yake na tochi?

ZUHURA: Sijalala. Nimeizunguka tu. Kwa macho yangu ni nzima, ina vipele vichache vya rangi juu ya magurudumu ya nyuma na kimoja chini ya kioo cha mbele.

SALIM: Hivyo vipele ndivyo vinavyonitisha. Chuma kikigeuka kutu kinavimba, kinadai nafasi kubwa kuliko kilivyokuwa mwanzo, ndipo kinaisukuma rangi. Ukiona kipele nje, mara nyingi kutu imeanzia upande wa ndani, imekula ikashiba, sasa inatoka kukusalimia.

ZUHURA: Na lile turubai? Mbona tuliifunika vizuri?

SALIM: Mliifunika kwa nini, nailoni?

ZUHURA: Nailoni nzito, tena tuliifunga kamba chini ili upepo usiifunue.

SALIM: Basi unyevu uliotoka ardhini usiku ulikosa pa kutokea. Gari likae penye paa lisilovuja na hewa ipite, hata vumbi likilijaa. Vumbi linafutika. Ukilifika leo, toa mazulia yote, inua zile pedi za chini yake zinazonyonya maji kama sifongo, uangalie sakafu tupu. Kisha tafuta matundu ya kutolea maji, yapo chini ya milango, kwenye mihimili, na pale mbele chini ya kioo. Yakizibwa na majani na udongo, mlango unageuka ndoo.

ZUHURA: Nikishaiona sakafu, nitajuaje ipi ni kutu ya juu juu na ipi imetoboa?

SALIM: Bisibisi na sumaku. Bisibisi ya kugongea, unasikiliza mlio. Chuma kizima kinaitika, kilichooza kinatoa sauti butu, na ukikisukuma kwa ncha kinabonyea. Sumaku ndogo iviringishe kwenye kitambaa isichubue rangi, upite nayo pole pole. Isiposhika, chini yake kuna puti, ule uji wa kujazia mabonde ya bodi. Magari ya umri huu yameshapita mikononi mwa mafundi wengi, na wapo waliojaza shimo kwa magazeti, wakapaka puti juu, wakalipwa.

ZUHURA: Magazeti?

SALIM: Nimeyatoa kwa mkono wangu. Unaweza kusoma matokeo ya mpira ya zamani.

ZUHURA: Na wenye Land Rover za zamani wanaotusikiliza? Wao hujigamba kwamba bodi ni alumini.

SALIM: Wajigambe kwa bodi, lakini chesisi chini ni chuma na inaoza kama ya mwenzake. Tena alumini ikigusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, pale pale kwenye maungio. Hakuna aliyenusurika.

ZUHURA: Haya, tuchukulie nimepata mashimo mawili matatu kwenye sakafu. Siku hizi kuna dawa za kugeuza kutu, unapaka inakuwa nyeusi, mambo yamekwisha.

SALIM: Zinafanya kazi, sizikatai. Zile zenye asidi ya fosforiki au tanini zinaigeuza kutu kuwa tabaka lililotulia, linalopokea rangi. Lakini zinatibu chuma kilichobaki, hazirudishi kilichokwenda. Penye tundu au penye bati lililobaki kama karatasi, ni kukata mpaka ufikie chuma kinachong'aa, kisha kuchomelea kipande kipya. Na fundi asichomelee mstari mrefu kwa mpigo mmoja, bati litapinda kwa joto. Nukta hapa, nukta kule, anasubiri lipoe, anarudi.

ZUHURA: Bodi yote ikiwa imeinuliwa kwa jeki?

SALIM: Hapo umegusa penyewe. Kama mihimili ya chini ya milango imeoza pande zote mbili, ukiikata yote kwa pamoja gari linakunjika katikati. Halipigi kelele, linashuka milimita chache tu, na wewe unakuja kugundua mwishoni kwamba milango haifungi. Kata upande mmoja, lifunge na vyuma vya muda kwenye nafasi za milango kwanza. Fundi asiyeweka hivyo vyuma, mwulize mapema ana mpango gani.

ZUHURA: Tenki la mafuta je? Lina mafuta kidogo sana, karibu tupu.

SALIM: Karibu tupu ndiyo hatari zaidi. Kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na tenki tupu limejaa mvuke. Tenki linatoka kwenye gari kabla cheche yoyote haijaruka. Betri nayo ichomolewe, na waya za alteneta. Hilo silibishanii na mtu.

ZUHURA: Sawa. Umenichosha na mabati, sasa nipe injini. Hata kama ni swali la mwisho, nataka kuisikia.

SALIM: Nakuelewa. Ila usizungushe ufunguo. Ringi za pistoni zikikaa miaka bila kwenda zinashikana na silinda kwa kutu nyepesi. Ukiipiga stata kwa nguvu unaweza kuvunja ringi au kukwaruza silinda iliyokuwa nzima. Toa plagi zote nne, mimina oili nyepesi kidogo kwenye kila tundu, uiache siku kadhaa. Wengine huchanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, inapenya vizuri. Kisha tia spana kwenye bolti ya puli ya mbele, jaribu kuzungusha kwa mkono. Ikigoma, ongeza oili, ongeza siku. Usiongeze urefu wa spana.

ZUHURA: Na ikikubali?

SALIM: Mwaga oili ya zamani, weka mpya na chujio jipya. Zungusha kwa stata plagi zikiwa bado nje, mpaka taa ya oili izimike, maana yake oili imepanda. Ndipo upime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda iliyo chini, itilie oili kijiko kimoja, upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kikibaki pale pale, tafuta kwenye valvu au gasketi. Kipimo hicho kinakwambia mengi kabla hujafungua hata nati moja.

ZUHURA: Baba alikuwa akisema injini ya hili gari inapenda kunywa gasketi.

SALIM: Mzee alisema kweli. Silinda hedi yake ni alumini, na watu wengi hujaza maji matupu kwenye rejeta. Maji matupu yanaila alumini kutoka ndani. Weka kulanti sahihi. Na siku hedi ikitoka, onyo kwa mafundi vijana: 504 ina laina za maji, yaani silinda zimechopekwa na maji yanazizunguka. Hedi ikishatoka, usiizungushe injini bila kuzibana laina. Zikinyanyuka kidogo tu, sili za chini zinazozuia maji zinaachia na maji yanashuka kwenye oili.

ZUHURA: Na petroli? Gari hili lilitengenezwa enzi za petroli ya risasi. Nimesoma kwamba Algeria ndiyo iliyokuwa ya mwisho duniani kuacha kuiuza, Julai 2021.

SALIM: Ndiyo, na wenye magari ya zamani walikuwa na wasiwasi. Risasi ilizuia injini kugonga, lakini pia ililinda viti vya valvu. Penye hedi ya chuma cha kuyeyusha, ambamo viti vimechongwa kwenye hedi yenyewe, valvu za kutolea moshi huzama taratibu bila ile risasi. Yako ni alumini, viti ni vya kupachikwa, chuma kigumu, kwa hiyo huna haja ya kukosa usingizi. Hangaikia mipira. Petroli za siku hizi zinazotiwa ethanoli hulainisha mipira ya zamani. Badili mipira yote ya mafuta. Mmoja ukipasuka juu ya injini ya moto, stori imeisha.

ZUHURA: Hujataja breki hata mara moja.

SALIM: Nilikuwa naziwekea nafasi yake. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, yakishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 155. Yakichemka kwenye mteremko, pedali inazama mpaka sakafuni. Na hayo maji yaliyonyonywa yamekuwa yakitengeneza kutu ndani ya masta silinda, ile pampu kuu ya breki, kwa miaka yote hiyo. Kwa gari lililolala muda mrefu mimi sijadili: mpira wa mafuta ya breki kwenye kila gurudumu uwe mpya, masta silinda ifunguliwe, mabomba yakaguliwe. Ndipo liwashwe na kutoka. Gari lisilowaka halijamuua mtu.

ZUHURA: Tairi zake zina michirizi mizuri tu, baba alizinunua mwishoni.

SALIM: Soma ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikiwa 2311, ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Michirizi haizeeki, mpira unazeeka.

ZUHURA: Basi nikuulize ninachokiogopa kweli. Usukani wake umechakaa upande mmoja, pale alipozoea kushika. Fundi wa viti ameniambia ataufunika ngozi mpya, na rangi tupake upya yote. Sitaki.

SALIM: Usikubali.

ZUHURA: Nilidhani utanibishia!

SALIM: Nibishe kwa lipi? Rangi ya kiwandani ukishaikwangua haipo tena duniani. Kutu iondoke, palipochomelewa papakwe, halafu nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya mihimili. Palipofifia paache pafifie. Mimi naona aibu zaidi gari linalong'aa juu na limeoza chini.

ZUHURA: Kaka yangu yeye anataka ling'ae. Anasema tutalikodisha kwa harusi.

SALIM: Kaka yako ana sehemu kwenye hilo gari?

ZUHURA: Tuko watatu. Kadi bado ina jina la baba.

SALIM: Zuhura! Nimezungumza nusu saa nzima kumbe hata halijawa lako? Usinunue hata plagi. Mirathi imalizike, mkubaliane watatu kwa maandishi nani anamiliki na nani analipa, kadi ibadilishwe jina. Nimeona magari yaliyochomelewa vizuri kabisa yamelala uani kwa sababu ndugu hawasemeshani.

ZUHURA: Kulala chini na tochi je, hilo naruhusiwa?

SALIM: Hilo halihitaji saini ya mtu. Nitakuja mwenyewe na stendi za kuegemezea gari. Jeki peke yake sitaki kuiona chini ya gari.

ZUHURA: Basi uje na kaka atakuwepo. Hayo ya kung'aa umwambie wewe, mimi ataniona namkatalia tu.