Ukumbi, Karatasi na Ubishi: Kuonesha Mapinduzi Makumbushoni

Mhadhara uliotolewa Arusha kwa walimu wa historia, waongoza wageni na wanafunzi wa uhifadhi

Ndugu walimu, ndugu waongoza wageni, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, karibuni. Nafasi za mbele bado zipo.

Mji huu una bahati ambayo miji mingi haina: jengo lenyewe bado lipo. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio la Arusha, tamko la chama la Ujamaa na Kujitegemea, likatangazwa tarehe 5 Februari. Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa wa ustawi wa jamii, jengo la kawaida la mtaani, na leo ndiyo Makumbusho ya Azimio la Arusha, karibu kabisa na Mnara wa Mwenge. Mgeni akiingia, amesimama palepale. Hiyo ni nguvu, na ni mtego pia. Mahali palipotokea jambo kubwa hutuvuta tupafanye pa kuabudia: picha ya kiongozi juu, bendera pembeni, tarehe ukutani. Mgeni anatoka baada ya dakika 10 akijua kwamba kuna jambo lilitokea, ila hajui lilikuwa jambo gani.

Hoja yangu leo ni moja. Maonesho ya mapinduzi yamwoneshe mgeni uamuzi ukifanyika: ni nani waliokuwa mezani, walikuwa na njia zipi, nani alipoteza nini, nani alikataa. Mwanga, karatasi na urefu wa kabati vyote ni vibarua wa kazi hiyo.

Tuanze na chumba ambacho makumbusho mengi hukiruka, yaani miaka iliyotangulia. Azimio halikushuka kutoka mlimani. Mwaka 1965 Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia (leo Zimbabwe), ambako walowezi wachache walikuwa wamejitangazia uhuru, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimama. Mwaka huohuo kukawa na mvutano na Ujerumani Magharibi kuhusu ofisi ya ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, na misaada yake ikaguswa. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Karibu 400 walifukuzwa, na Mwalimu Nyerere akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Weka mambo hayo matatu kwenye ukuta mmoja kabla mgeni hajafika penye Azimio, naye ataelewa mwenyewe kwa nini sehemu ya Kujitegemea inasema kwa ukali kwamba fedha siyo msingi wa maendeleo, na kwa nini masharti ya viongozi yalikuwa makali vile. Ukuta huo ukikosekana, Azimio linabaki hotuba nzuri iliyotoka hewani.

Na kwa mji huu ningerudi nyuma zaidi. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa Engare Nanyuki ili kupisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda kulizungumza Umoja wa Mataifa. Mtoto wa shule wa Usa River anayesikia habari hiyo kwanza hahitaji kubembelezwa aelewe neno kunyonywa.

Sasa karatasi. Azimio lina sehemu tano: Imani ya TANU, Siasa ya Ujamaa, Siasa ya Kujitegemea, Uanachama, na mwisho Azimio lenyewe pamoja na masharti ya uongozi. Kosa la kawaida ni kulibandika lote ukutani kwa herufi ndogo. Hakuna anayesoma. Chagua kipande kimoja, kikuze, halafu ukizungushie ushahidi. Mimi ningechagua masharti ya uongozi, kwa sababu hapo ndipo uamuzi ulipouma: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Maelezo ya ukutani yangeweza kusomeka hivi:

"Januari 1967, kiongozi aliyekuwa na nyumba ya kupangisha alitakiwa akubali sharti linaloiondoa kodi hiyo mfukoni mwake. Wengine walikubali. Bibi Titi Mohamed, aliyewaingiza maelfu ya wanawake katika TANU miaka ya 1950, hakukubali. Ungekuwa wewe, ungesemaje?"

Maneno hayo hayafiki 40. Maelezo ya kitu kimoja yasipite maneno 60, na bango la kufungulia chumba lisipite 150. Herufi za maelezo madogo zisiwe chini ya pointi 20, maana mgeni anasoma akiwa wima, mara nyingi juu ya bega la mwenzake. Mstari wa katikati wa bango uwe sentimita 145 hivi kutoka sakafuni. Kabati la maonesho lililolazwa liwe na uwazi wa sentimita 70 chini yake ili kiti cha magurudumu kiingie. Kiswahili kitangulie, na kiandikwe moja kwa moja kwa Kiswahili. Maandishi yaliyotungwa Kiingereza kisha yakafasiriwa hujulikana toka mstari wa kwanza, na inashangaza kuyakuta kwenye jengo la Azimio, hati iliyoandikwa kwa Kiswahili.

Karatasi za miaka ile zina ugonjwa wao. Gazeti lilichapwa kwenye karatasi ya mti uliosagwa, yenye asidi. Linakuwa la njano, kisha linakatika ukilikunja. Mwanga unaharakisha, na madhara yake hayarudi nyuma: saa ya mwanga wa leo inajumlishwa kwenye saa za jana. Kiwango kinachokubalika kwa karatasi, picha na nguo ni laksi 50, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Dirisha la Arusha saa sita mchana linamwaga laksi maelfu, kwa hiyo pazia jepesi halitoshi. Funika vioo kwa karatasi maalumu ya kuzuia mionzi ya urujuanimno, ondoa kabati lolote linalotazama dirisha, na taa ziwe za kujizima mtu akitoka. Gazeti halisi likae nje miezi mitatu kwa mwaka, kisha lirudi gizani na nakala ichukue nafasi yake. Nakala iandikwe NAKALA, waziwazi. Mgeni akigundua mwenyewe, hataamini kitu kingine chochote ulichomwonesha.

Kupiga nakala: hati na gazeti doti 400 kwa inchi, picha doti 600, mafaili ya TIFF, na yahifadhiwe sehemu tatu, mojawapo nje ya jengo. Halisi liingie ndani ya mfuko wa poliesta, kisha jalada lisilo na asidi, kisha boksi, na boksi likae kwenye rafu iliyoinuka sentimita 15 kutoka sakafuni. Masika yakipita kwenye bati bovu, maji hutafuta sakafu kwanza, na mchwa nao hupandia hapohapo. Unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huota. Nunua kipimo cha betri kinachojiandikia chenyewe, maana umeme hukatika usiku wa mvua, ndiyo saa unayohitaji kujua.

Na tafadhali: hakuna selotepu, hakuna laminesheni. Gundi ya selotepu hupenya karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Laminesheni huyeyusha plastiki juu ya hati, na kuibandua ni kuichana. Wanaofanya hivyo huwa na nia njema kabisa, ndiyo maana ni vigumu kuwazuia.

Tukivuka chumba cha uamuzi, tunafika kwenye ukuta mgumu, yaani matokeo. Hapa makumbusho ya mapinduzi duniani kote huingiwa na woga. Ama yanaishia siku ya tangazo, ama yanamwaga lawama. Kwetu vitu vipo, vipangwe kwa tarehe na kila upande uone chake. Tarehe 6 Februari 1967 benki zilitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaanza. Machi ikaja Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa, na familia za Kihindi za mijini, Arusha na Moshi zikiwamo, ziliona maisha yao yakigeuka kwa siku chache. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi kwa watoto wote. Miaka hiyohiyo ikaja Operesheni Vijiji, ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ambayo hapa kwa Wamaasai iliitwa Operesheni Imparnati. Mteremkoni Kilimanjaro, ambako vihamba, yaani mashamba ya familia ya migomba na kahawa, vilikuwa vimebanana tayari, haikuwa na kazi kubwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ya Moshi ikiwamo, chama ambacho wakulima wa kahawa walikuwa nacho tangu 1933. Februari 1991, Azimio la Zanzibar lililegeza masharti yaleyale ya uongozi tuliyoanza nayo.

Yaweke yote. Daftari la kisomo cha watu wazima likae kabati moja na barua ya kutaifishwa nyumba. Hakuna haja ya kumwambia mgeni ajumlishe vipi. Mwongoza wageni akianza kutetea au kushutumu, wageni hugawanyika papo hapo kwa umri wao: waliokula mkate wa foleni upande mmoja, waliosoma bure upande mwingine, na wengi wao ni watu walewale.

Vitu vyenyewe vitatoka kwa watu, na hapa utaratibu ni lazima. Kila kitu kinachopokelewa kipewe namba siku hiyohiyo: mwaka, namba ya fungu, namba ya kitu, mfano 2024.3.12. Mtoaji asaini hati inayosema ametoa moja kwa moja au ameazima, na hadi lini. Kukosa karatasi hiyo ndiko kunakoleta ugomvi miaka 20 baadaye, wajukuu wanapokuja kuulizia redio ya babu. Andika pia kitu kilitumika wapi na nani. Jembe lisilo na habari ni chuma tu. Khanga yenye maandishi ya chama isikunjwe bali izungushwe kwenye bomba lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, maana mkunjo ndipo nyuzi hukatikia. Ukishuku wadudu, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, itoe hewa, iweke kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, na uiache ipate joto la chumba kabla ya kuufungua mfuko.

Sauti ni mali kuliko vyote, na inaondoka na wazee. Rekodi kwa faili la WAV, maikrofoni ibanwe kifuani, feni izimwe, kuku wafukuzwe. Usimwulize mzee alionaje Ujamaa. Atakupa hotuba aliyoisikia redioni. Mwulize siku ya kuhama walibeba nini kwanza, nani alibaki, nyumba ya kwanza waliiezeka kwa nini. Saa moja ya sauti hula saa tano hadi sita za kuiandika, kwa hiyo panga muda kabla ya kuwaahidi watu. Na umwombe ruhusa mara mbili, kabla na baada, kwa sababu kabla hajui atasema nini.

Kwa walimu: msilete watoto 90 kwa pamoja. Wagawe kumi kumi, kila kundi dakika 12 kwa kituo. Ukiwaacha na madaftari watanakili ukuta mzima na hawataona kitu. Wape kadi: mkulima wa kahawa wa Machame, karani wa benki, mwenye nyumba ya kupangisha, mama wa Umoja wa Wanawake, mwanafunzi aliyefukuzwa 1966. Wasome masharti ya uongozi wakiwa wamekaa kwenye duara ukumbini, kisha wapige kura kwa nafasi ya kadi zao. Mwalimu anyamaze hadi kura ihesabiwe.

Maelezo yote mapya yachapwe kwanza kwenye karatasi nene ya bei rahisi na yakae ukutani miezi mitatu. Mwongoza wageni awe na daftari la maswali anayoulizwa. Swali likijirudia, maelezo ndiyo yenye kasoro, siyo mgeni. Andika upya, bandika tena, sikiliza. Ya kudumu yaende kiwandani baada ya hapo.

Sasa nawasikiliza nyinyi. Mama wa pale mbele alikuwa ameinua mkono tangu tulipofika kwenye majengo ya 1971.