Nani Kapaka Hii Rangi? Mhadhara kuhusu vyumba vya ndani vya mahekalu ya Wamormoni

Haya jamani tuanze, naona wengine bado wanatafuta viti lakini muda nao unakwenda. Wa kule nyuma mnanisikia? Sawa.

Leo naongelea vyumba vya ndani vya mahekalu ya Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hilo ndo jina wanalotaka waitwe, na najua kuna mtu hapa ameshajiuliza mtu wa interia, yaani mapambo ya ndani, kama mimi nimeacha sebule na majiko ya watu nikaenda kutafuta nini Utah, lile jimbo la Marekani ambako ndo makao yao makuu. Nimetafuta hiki: sijaona watu wengine walioweka imani nzito namna hii kwenye zulia, rangi ya ukuta na kiti, alafu ndani ya miaka kama mia na kidogo wakageuza kabisa mawazo yao kuhusu uzuri, na kila badiliko ukilifuata unakuta sababu yake. Na msimamo wangu nautoa mapema, sitaki kuuficha. Chumba cha ibada kinachoonyesha mikono ya watu wanaosali humo kinakizidi uzuri chumba kilichonunuliwa, hata hicho cha kununua kikiwa kimegharimu mara kumi.

Kuhusu ibada yenyewe inayofanyika humo ndani, waumini hawaielezi nje, na mi sitaigusa, tuwaheshimu. Ila mjue kwamba hekalu kwao sio kanisa la Jumapili. Jumapili wanasali kwenye majengo ya kawaida, hekaluni wanaenda kwa ubatizo kwa niaba ya wafu, kwa maagano, kwa ndoa wanazoamini ni za milele. Likishawekwa wakfu huingii bila kibali, lakini kabla ya hapo linafunguliwa wiki kadhaa kwa mtu yeyote, Muislamu, Mkatoliki, asiye na dini, unapita chumba kwa chumba, na kanisa lenyewe linatoa picha rasmi za vyumba. Kwahiyo haya nayosema yanaonekana na kila mtu.

Tuanze na mbao.

Mahekalu ya zamani ya miji ya Utah ndo haya: St. George lilikamilika 1877, Logan 1884, Manti 1888, Salt Lake 1893, na hilo la Salt Lake walilianza 1853, piga hesabu, miaka arobaini. Hawa ni watu waliokimbia na mikokoteni wakaishia kwenye nchi kame, milimani kuna misonobari, mbao laini, mwaloni mkubwa wa kupasua mbao hamna, marumaru sio rahisi kuipata. Wakafanyaje? Fundi anachukua ubao wa msonobari, anapaka rangi ya chini nyepesi, anaacha ikauke, anapitisha juu rangi nyingine nyembamba ya kahawia, alafu kabla haijakauka anaikwangua na kitana na brashi, anavuta mkono pole pole, hapa anatetemesha kidogo kupata ile alama ya kifundo, na mwishoni vanishi. Ukisimama hatua mbili unaapa huo ni mwaloni. Nguzo nazo hivo hivo, mbao imechorwa mishipa ya marumaru. Kuna wanaosema huo ni udanganyifu, mi nakataa kabisa. Mtu ambaye hana mwaloni, akaketi siku nzima kuchora nyuzi za mwaloni mlango mmoja baada ya mwingine kwenye nyumba ya Mungu wake, huyo ametoa alichonacho, na alichonacho ni mkono wake. Mafundi rangi mlioko hapa mnajua kazi hiyo inakula muda kiasi gani.

Sasa mpangilio wa vyumba, na hapa naomba msinipotee maana hoja yote imekaa hapa.

Kwenye mahekalu ya zamani kama Salt Lake muumini alikuwa anatembea. Anaanza chumba cha uumbaji, anaingia chumba cha bustani, yaani Edeni, kuta zote zimechorwa miti na wanyama waliotulia, anatoka hapo anaingia chumba cha dunia, dunia yetu hii baada ya anguko, na ukutani mambo yamebadilika, nchi kavu, miti imepinda, wanyama wanapigana. Anapanda tena chumba cha terestria, yaani utukufu wa hatua ya kati, hapo michoro imekwisha, rangi zimepoa, taa zimeongezeka. Mwisho chumba cha selestia, yaani utukufu wa juu kabisa, weupe, dhahabu, chandelia ile taa kubwa ya kuning'inia, makochi, watu wanakaa kimya au wanaongea kwa kunong'ona. Yani rangi ya ukuta ilikuwa inahubiri. Mwanga unaongezeka kila unapopanda, na miguu yako inaelewa kabla ya kichwa. Kwenye fani yetu hii mi sijui kazi kubwa kuliko hiyo, kumfanya mtu aelewe alipo bila kumwekea kibao.

Na michoro hiyo hawakumpa tu yeyote mwenye brashi. Mwaka 1890 kanisa lilituma vijana wake Paris kusoma uchoraji Académie Julian, John Hafen, Lorus Pratt, John Fairbanks, na wenzao wengine wakafuata, kwa hela ya kanisa, waende wajifunze kuchora vizuri warudi wapambe hekalu. Hebu waza kanisa la watu maskini wa jangwani, hekalu lenyewe halijaisha, na bado wanatoa pesa kijana akajifunze kuchora jani la mti likae kama jani la mti. Walikuwa na hakika kwamba ukuta unastahili.

Manti kuna mwanamke anaitwa Minerva Teichert. Alisoma Chicago na New York, akaolewa, akaishi kwenye ranchi kule Cokeville, Wyoming, na 1947, anakaribia miaka sitini, akapanda jukwaa la mafundi akachora chumba cha dunia cha Manti, ukuta unaopanda juu sana. Yeye hakuchora simba na miamba. Alichora watu. Mnara wa Babeli, wafalme, wafanyabiashara na misafara yao, na pembeni maskini wanaoomba. Mtu anakaa pale anaangalia dunia jinsi ilivyo, wenye nacho wanapita na wasio nacho wako chini. Mi naona ndo chumba kizuri kuliko vyote walivyowahi kupamba, na nikiulizwa kwanini nasema ni kwasababu ukuta ule una msimamo, hauko pale kupendeza tu.

Sasa nini kilitokea? Kilichotokea ni filamu.

1955 wakafungua hekalu Uswisi, karibu na Bern, la kwanza Ulaya. Shida ni kwamba waumini wa Ulaya wanaongea lugha nyingi na jengo ni dogo, huwezi kuwa na wahudumu wa kila lugha na vyumba vinne vitano vya kutembea. Wakapata suluhisho, mafundisho yakawekwa kwenye filamu, unabadilisha sauti tu kulingana na lugha, watu wanakaa chumba kimoja wanaangalia. Aliyepewa kazi hiyo ni Gordon Hinckley, ambaye baadaye akawa rais wa kanisa. Kwa upande wa huduma lilikuwa jambo jema sana na silipingi, mtu asikie kwa lugha yake. Lakini sisi wa mapambo tuangalie kilichopotea. Safari ya miguu imekufa. Ukuta hauna tena kazi, maana macho yako kwenye skrini, na ukuta wenye michoro mbele ya skrini unakuwa usumbufu. Kufikia 1972 Ogden na Provo wamejenga mahekalu yenye vyumba sita vinavyozunguka chumba kimoja cha selestia katikati, kundi moja likiwa linaendelea lingine linaanza, mpango safi kabisa wa kuhudumia watu wengi.

Na hapo ndo chumba cha selestia kikabeba mzigo wote peke yake. Hii ni tafsiri yangu lakini naisimamia. Zamani utukufu uligawanywa vyumba vitano, sasa wote unatakiwa uonekane kwenye chumba kimoja, kwahiyo chandelia inakua, kristali zinaongezeka, viti vinakuwa vile vya Kifaransa vya miguu iliyopinda, zulia la krimu linachongwa maua kwa mkono juu yake, dhahabu kwenye kingo, maua ya hariri mezani, kiboksi cha tishu pembeni kwasababu watu hulia humo. Watu wengi wakiona picha wanasema ni lobi ya hoteli. Mi naona wanaharakisha. Fikiria mama aliyesafiri siku mbili kwa basi kufika hekaluni, nyumbani kwake bati linavuja, anakaa kwenye kochi ambalo maishani mwake hajawahi kukalia la namna hiyo, na hakuna mtu anamuuzia kitu wala kumuuliza ana shida gani. Heshima hiyo ni ya kweli, na mpambaji aliyeichagua hakukosea kuitaka. Ninacholalamikia ni kwamba kochi lile lile lingeweza kuwa popote, na hakuna aliyeketi pale anayeweza kusema hiki nimekifanya mimi au mama yangu.

Speed nayo imechangia. Hinckley 1997 alitangaza mahekalu madogo, na kabla ya 2000 kuisha mahekalu yao yote kwa jumla yakapita mia moja. Russell Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa kuanzia 2018, akatangaza mengine 200. Helena, Montana, lililowekwa wakfu 2023, vipande vya jengo viliundwa kiwandani Alabama vikabebwa na malori vikaja kuunganishwa. Kwa mwendo huo nani atakaa na kitana anachora nyuzi za mwaloni?

Na ya zamani nayo yakaguswa. Logan 1976 walibomoa ndani kote, kazi ya waanzilishi ikaondoka, likafunguliwa tena 1979 na vyumba vya filamu. Machi 2021 kanisa likatangaza kwamba michoro ya Salt Lake imeondolewa wakati wa ukarabati wa kulikinga jengo na tetemeko la ardhi, na ya Manti nayo itaondolewa, pamoja na ya Teichert. Waumini wenyewe waliumia, sio watu wa nje, ni wao, wakaandika, wakalia. Mei mwaka huo huo uongozi ukabadilisha uamuzi, Manti ibaki na michoro yake, na kwa ajili ya wingi wa watu likatangazwa hekalu jingine mji wa jirani, Ephraim. Manti liliwekwa wakfu upya Aprili 2024 na ukuta wa Teichert uko pale. Kwa Salt Lake mi bado nina huzuni. Vijana walitumwa mpaka Paris kwa ajili ya kuta zile.

Kuna dada ameinua mkono. Ndio... anauliza je, siku hizi si wanaweka mapambo ya asili ya kila nchi? Swali zuri, na jibu ni ndio na hapana. Wabunifu wao huchagua ua au nakshi ya mahali. Gilbert, Arizona, utaona mmea wa agave kila kona. Roma, hekalu la 2019, sakafu ina umbo la duara refu lililotoka kwenye uwanja wa Campidoglio aliobuni Michelangelo. Wanafanya utafiti, na kazi ni safi. Lakini ua ni la kwenu, mkono ni wa mwingine. Vioo vya rangi vya mahekalu mengi vimetoka studio moja Lehi, Utah. Ni mafundi hodari, siwadharau, ila watu wa mahali wanaletewa picha ya ua lao likiwa limeshakamilika.

Isipokuwa sehemu moja, na hii ndo nilitaka tuifikie. Kwenye vyumba vya ndoa, vile vyenye vioo viwili vinavyotazamana mpaka ukijiangalia unajiona huna mwisho, katikati kuna madhabahu iliyofunikwa kwa mto laini, maharusi wanapiga magoti hapo, na juu yake kuna kitambaa cheupe cha kroshia. Kitambaa hicho kwa desturi hufumwa na kina mama waumini, nyumbani kwao, na kutolewa kama sadaka. Ni kama vile vitambaa vyetu vya kwenye makochi, kazi ile ile, sindano ile ile, mama anahesabu vitundu huku anaongea na jirani. Katika jengo lote la kisasa kile ndo kitu cha thamani kuliko vyote machoni pangu, na kimekaa mahali pazito kuliko pote, pale mikono ya maharusi inapokutana.

Sasa Kinshasa wana hekalu tangu 2019, Nairobi limewekwa wakfu 2025. Kina mama wa kroshia tunao kila mtaa. Kongo wana kitambaa cha Wakuba, cha nyuzi za mrafia, nakshi zake za pembe pembe hubadilika badilika hata ndani ya kitambaa kimoja, kinafumwa na wanaume na kutariziwa na wanawake. Lamu kuna wachonga milango. Ningekuwa na nafasi ya kukaa na wabunifu wao ningewaomba wasichukue nakshi ya Wakuba kuipeleka kiwanda cha mazulia. Waagize kitambaa chenyewe, walipe bei yake, wakitundike kwenye chumba ambacho mfumaji akiwa muumini ataingia akaketi mbele yake. Na kama ratiba haiwezi kusubiri, wakiache kipande kimoja cha ukuta kitupu siku ya ufunguzi, kijazwe taratibu na watu wa pale, miaka mitano, kumi. Salt Lake walisubiri arobaini.

Haya, fundi pale mbele, ulitaka kuuliza kuhusu kile kitana cha kuchorea nyuzi. Njoo tukimaliza nikuonyeshe, ninacho kwenye begi, na kipande cha ubao wa paini kipo, tutajaribu hapa hapa mezani.