Lori la Jeshi la Mwaka 1968: Kwa Nini Nimeanza na Breki Kabla ya Rangi

Ndugu zangu watazamaji wa Tanzania, Kenya na popote mlipo, hamjambo, na shikamooni wazee wangu mnaotazama pamoja na wajukuu. Lori lililo nyuma yangu ni M35A2 la Jeshi la Marekani, lenye ekseli tatu ambazo zote zinavuta, lililoundwa na kampuni ya Kaiser Jeep mwaka 1968 katika mji wa South Bend, ndani ya jimbo hilihili la Indiana ninakoishi. Tangu nilipotuma picha yake ya kwanza, maswali mengi yamekuwa juu ya rangi, matairi makubwa na taa. Hayo nitayagusa, lakini sehemu kubwa ya mazungumzo ya leo ni breki, kwa kuwa naamini kwamba mtu anayefufua gari la zamani ana wajibu kwanza kwa watu watakaokuwa barabarani mbele ya gari hilo, na wajibu huo hutimizwa chini ya uvungu kabla ya kununua kopo la rangi.

Lori hili lilisanifiwa na kampuni ya REO ya Lansing, Michigan, likaingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye Studebaker nao walilitengeneza, na mwaka 1964 Kaiser wakachukua kiwanda chao cha magari ya jeshi pale South Bend, ndiyo maana kibati kilichopigwa ribiti mbele ya dereva kina jina la Kaiser. Jeshini hujulikana kuwa lori la tani mbili na nusu, lakini hicho ni kipimo cha porini; kwenye barabara nzuri liliruhusiwa kubeba mara mbili yake. Likiwa tupu lina uzito unaokaribia tani 6. Ongezeni mzigo juu ya uzito huo, liwekeni kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ambao ndio karibu ukomo wake, kisha mjiulize linasimamishwa na nini.

Linasimamishwa na mafuta ya breki yanayosaidiwa na upepo. Dereva anapokanyaga pedali, masta silinda husukuma mafuta hadi kwenye kifaa kilichofungwa kwenye chasisi, na kifaa hicho hutumia upepo wa kompresa kuuzidisha msukumo, kisha mafuta hugawanywa kwenye magurudumu yote. Hatari iko kwenye ukweli kwamba njia ya mafuta ni moja tu. Bomba likipasuka, au mpira wa wili silinda moja, yaani kisilinda kidogo kinachosukuma breki kwenye gurudumu, ukiachia, mafuta yote humwagika hapo, pedali inazama hadi sakafuni, na lori zima linabaki bila breki ya mguu. Hendibreki ipo, nayo hubana dramu iliyoko kwenye mfumo wa propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, lakini iliwekwa kwa ajili ya kuzuia gari lililokwisha kusimama. Madereva wenzangu mnaoushuka mteremko wa Kitonga mnajua vizuri kwamba breki ya namna hiyo si ya kutegemewa wakati mzigo unakusukuma kwa nyuma.

Naomba kamera isogee hapa mezani. Hii ni wili silinda niliyoitoa kwenye gurudumu la nyuma, na kwa nje haina kasoro yoyote, hata rangi yake ya kijani bado inang'aa. Ndani, upande wa chini, mnaona mstari wa vishimo vidogo vyeusi, na mpira wake umekakamaa kiasi kwamba nikiubinya kwa vidole unapasuka ukingoni. Vishimo hivi vina sababu yake. Katika miaka ya 1980 jeshi lilihamia kwenye mafuta ya breki ya silikoni, yale ya daraja la DOT 5, ambayo hayanyonyi maji, na hiyo ni sifa njema kwa gari linaloweza kukaa ghalani kwa miaka bila kutembea. Lakini maji yakipata upenyo na kuingia, hayachanganyiki na silikoni. Hutuama mahali pa chini kabisa, na hapohapo ndipo chuma kinapoliwa polepole huku sehemu nyingine zote zikiwa salama. Fundi anayefungua nati ya kutolea upepo ulionaswa ndani ya mafuta na kuona mafuta masafi hawezi kujua kinachoendelea huko chini. Kumimina DOT 3 au DOT 4, yaani mafuta ya breki ya kawaida, juu ya silikoni nako hakusaidii, kwa kuwa aina hizo mbili hazichangamani, na anayetaka kubadilisha aina ya mafuta analazimika kusafisha mfumo mzima na kuweka mipira mipya.

Kwa hiyo nimebadilisha wili silinda zote, mipira yote ya breki inayopinda, na mabomba yote ya chuma, ambayo sasa ni ya aloi ya shaba na nikeli isiyoshika kutu hata kwa chumvi inayomwagwa barabarani hapa wakati wa theluji. Badiliko kubwa zaidi ni masta silinda yenye vyumba viwili pamoja na vifaa viwili vya upepo, ili ekseli ya mbele iwe na njia yake na ekseli mbili za nyuma ziwe na yao. Upande mmoja ukivuja, upande wa pili bado utashika. Najua kuna wapenzi wa magari haya wanaotaka kila nati ibaki kama ilivyotoka kiwandani, na ninawaheshimu, lakini katika jambo hili sikubaliani nao hata kidogo. Vilevile nimeongeza mikanda ya viti.

Kabla sijaondoka kwenye magurudumu, nina neno kwa kaka zangu mafundi wa tairi mnaofanya kazi pembezoni mwa barabara. Rimu za lori hili zina pete ya chuma inayolizuia tairi lisitoke, sawa na rimu za malori mengi ya zamani mnayohudumia kila siku. Pete hiyo ikiwa na kutu au haijakaa vizuri kwenye mfereji wake, huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kuweza kuua, na watu wamekufa kwa namna hiyo. Tairi lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa bomba refu, na anayejaza asimame pembeni, asikae mbele ya pete wala asiiname juu yake. Anayepita jirani naye aambiwe akae mbali.

Sasa tufunue boneti. Injini hii ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 7.8, na hedi mbili, kila moja ikifunika silinda tatu. Nguvu yake ni farasi 130 hivi, ambazo ni chache kwa ukubwa huo, lakini iliundwa iweze kula dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na hata petroli inapobidi. Siri yake ni teknolojia ya kampuni ya MAN ya Ujerumani. Juu ya pistoni kuna shimo la mviringo kama sehemu ya ndani ya mpira, na nozeli hupulizia mafuta kwenye ukuta wa shimo hilo, yakatandaa na kugeuka mvuke kidogo kidogo, hivyo hayalipuki yote kwa mkupuo. Mgandamizo wake ni 22 kwa 1, yaani hewa hubanwa hadi sehemu moja ya 22 ya ujazo wake. Kwenye pampu kuna kifaa kinachotambua wepesi wa mafuta yaliyomo na kuongeza kiasi yanapokuwa mepesi. Wenye malori haya wengi hukiondoa kwenye mfumo kwa sababu kinazeeka na kuvuja. Mimi nimekiacha baada ya kukifunga sili mpya, kwa kuwa ndicho kinachoipa injini hii maana yake, ingawa natumia dizeli peke yake.

Wengi mmeniuliza kwa nini nisikate chasisi, niondoe ekseli moja ya nyuma na kulifanya lori fupi la magurudumu manne, kama wanavyofanya wengi hapa Marekani. Lori likikatwa hivyo hupinda kona kwa urahisi na hupendeza machoni, sikatai. Lakini pamoja na ekseli hiyo huondoka magurudumu mawili yenye breki na sehemu kubwa ya uwezo wa kubeba, na mimi nalikusudia lori hili lifanye kazi ya kusomba kuni na mawe. Usukani ndio nilioubadilisha bila kusita, kwa kuufunga pawa stelingi ya haidroliki, kwa kuwa ule wa kiwandani hauna msaada wowote na humchosha dereva mikono.

Upande wa umeme, mfumo ni wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Usivute umeme wa redio kutoka betri moja, kwa sababu hiyo itapungua huku nyenzake ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Tumia kifaa cha kushusha volti.

Nikija kwenye rangi, ile ya madoa mliyoiona kwenye picha ilipakwa miaka mingi baada ya lori kutoka kiwandani, na ni rangi maalumu ya jeshi inayostahimili kemikali za kivita. Vumbi lake ni sumu kwa mapafu, na praima iliyo chini yake inaweza kuwa na kromiamu. Msasa wake unapigwa kwa maji, fundi akiwa amevaa barakoa yenye chujio halisi. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi.

Kwa mlioniuliza kutoka Kenya kama lori la namna hii linaweza kuletwa huko, jueni kwamba magari yaliyotumika yanayozidi miaka 8 hayapokelewi, na hili usukani wake uko kushoto. Mali ya jeshi la Marekani nayo ina masharti yake ya kusafirishwa nje hata baada ya kuuzwa kwa raia. Kinachosafiri bila kikwazo ni maarifa: vitabu vya ufundi vya lori hili, mfululizo wa TM 9-2320-361, vinapatikana mtandaoni bila malipo, na michoro yake ya breki inamfaa fundi yeyote anayehudumia mfumo wa mafuta na upepo.

Video inayofuata itakuwa ya kutoa upepo kwenye njia zote mbili za breki, hatua kwa hatua. Mwenye swali aandike hapa chini, ataje aina ya lori lake, mwaka wake na mafuta ya breki yaliyomo, ili nimjibu kwa uhakika.