Kushuka Lango la Maji kwa Boti: Tazama Tezi Yako

Karibu tena, mtazamaji. Leo tuko kwenye mfereji wa Uingereza, ndani ya boti nyembamba ya chuma, upana wake mita 2 na kidogo. Mbele yetu pana lango la maji: chumba kirefu cha mawe, mlango mmoja upande wa juu, miwili upande wa chini. Ng'ambo yake mfereji unaendelea mita 2 na nusu chini yetu. Tutashuka. Hakuna pampu wala umeme. Kazi yote inafanywa na maji na mgongo wa mwenzako.

Kwanza, punguza mwendo mapema. Sheria ya mifereji hii ni kama kilomita 6 kwa saa, lakini hapa mtu anayetembea na akupite. Kumbuka kana, ule mpini wa usukani: ukiisukuma kulia, omo, yaani mbele ya boti, inakwenda kushoto. Mteremshe mwenzako ukingoni akiwa na mkono wa chuma wa kuzungushia. Ashuke kwa kukanyaga, asiruke.

Achungulie chumbani. Kama ni kitupu na kuna boti inakuja kutoka chini, hiyo ndiyo yenye zamu. Ukikijaza wakati wao wanakaribia, umemwaga maji bure, zaidi ya lita 100,000, na salamu utakazopewa hutazipenda.

Hakuna mtu? Hakikisha milango ya chini na vizibo vyake, yaani vibao vya kuruhusu na kuzuia maji, vimefungwa, kisha pandisha vizibo vya juu kwa ule mkono. Angalia kile kichuma kinachozuia meno ya gia yasirudi nyuma; kikae sawa. Na usiuache mkono wa chuma umening'inia pale. Meno yakiteleza, utazunguka kwa kasi na kuruka, na chuma hicho kinavunja taya.

Sasa subiri. Mlango hautafunguka mpaka maji yawe sawa pande zote, hata msukume watu kumi. Yakilingana, egemea boriti ya mlango kwa mgongo, sukuma kwa miguu, nao utaanza kusogea wenyewe.

Ingia polepole. Na hapa ndipo nataka uache kila kitu unachofanya unisikilize. Chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha mawe kinachotokeza ndani ya chumba. Sasa hivi kimefunikwa na maji, hukioni. Tazama ukutani: ule mstari mweupe ndio unaokuonyesha kinapoishia. Tezi yako, yaani nyuma ya boti, pamoja na msukani na rafadha, lazima iwe mbele ya mstari huo. Maji yakishuka huku tezi imekalia kizingiti, boti inapwelewa upande mmoja tu: nyuma inabaki juu, omo inazidi kuzama, maji yanaingia mbele. Ni suala la dakika chache.

Kwa hiyo sogea mbele, ila omo isinase kwenye milango ya chini. Ukitumia kamba, izungushe kwenye nguzo na uishike mkononi, uilegeze kadiri unavyoshuka. Usiifunge. Kamba iliyofungwa itaitundika boti.

Mwenzako afunge mlango wa juu na vizibo vyake, kisha afungue vizibo vya chini nusu. Asimame, akutazame. Ukimpa ishara, amalizie. Wewe usiondoe jicho kwenye tezi, hata mtu akikupigia picha.

Ukiona boti inainama au inakwaruza, piga kelele. Mwenzako afunge vizibo vya chini hapohapo, kisha afungue vya juu kidogo kidogo, maji yakuinue tena. Kwa mpangilio huo. Akianza na vya juu, maji yanaingia huku mengine yanatoka.

Kama hakuna lililotokea, utajikuta chini ya kuta zenye ukungu, na milango miwili mbele inafunguka. Toka taratibu. Mwenzako afunge milango, ateremshe vizibo kwa mkono badala ya kuviachia vianguke, akague kama mkono wa chuma anao, ndipo apande.

Tardebigge, kwenye mfereji wa Worcester na Birmingham, malango kama haya yako 30 yamefuatana. Mkienda huko, badilishaneni zamu: mmoja kwenye kana, mmoja ukingoni, na aliyeshika kana asijifanye hasikii.