Herufi za Kufuatisha

Mhadhara kwenye semina ya familia, Tabata, Dar es Salaam

Bwana Yesu asifiwe! Asifiwe tena.

Baba zangu, mama zangu, na ninyi vijana mliojibana kule nyuma karibu na feni, nashukuru kwa nafasi hii. Mada niliyopewa ni kufanana na Kristo kwa tabia na kwa matendo. Ni mada pana. Mtu anaweza kuihubiri mpaka jua lizame na asimguse yeyote kati yetu. Kwa hiyo mimi nimeona nianzie jikoni.

Tufungue 1 Petro 2:21. Kristo aliteswa kwa ajili yenu, "akawaachia kielelezo, mfuate nyayo zake." Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "kielelezo" lilikuwa neno la darasani. Ni yale maandishi ya mwalimu ambayo mtoto aliyafuatisha ili ajifunze kuandika. Wenye watoto chekechea mnayajua madaftari yale: mwalimu anachora "a" kwa nukta, mtoto anapitisha penseli juu yake, ulimi umetoka nje, mkono unatetemeka. Mstari wa kwanza "a" inafanana na yai. Akifika chini ya ukurasa, unaanza kuisoma. Mimi naona Petro alichagua neno zuri mno. Hakuna mtoto anayejifunza mwandiko kwa kuutazama. Lazima mkono upite pale pale mwalimu alipopita, tena na tena.

Sasa rudini nyuma kidogo, mstari wa 18. Petro anaongea na nani hapo? Na watumishi. Neno alilolitumia ni la watumishi wa ndani, wale wa kupika, kufua, kulea watoto wa bwana. Mstari wa 21 nimeukariri tangu shule ya Jumapili, na wa 18 nilikuwa naupita tu. Yaani maneno haya tunayoyapenda yalisemwa kwanza kwa watu ambao leo, hapa Dar, tunawaita dada wa kazi. Yule binti aliyeshuka stendi ya Mbezi na kibegi chake, hajui Tabata iko upande gani.

Na naomba mtu asiuchukue mstari huu akaenda kumfunga mdomo binti wa watu. Petro hampi bwana ruhusa ya kutesa. Anamwambia anayeonewa kwamba Kristo alipita hapo hapo alipo yeye. Sisi wenye nyumba tuusome kwa hofu.

Twende Yohana 13. Nchi ya vumbi, watu wanavaa viatu vya wazi, kuosha miguu ya wageni ni kazi ya mtumwa. Luka anatuambia kwamba usiku ule ule, mezani, wanafunzi walikuwa wakibishana nani kati yao ni mkubwa. Maji yalikuwepo, chombo kilikuwepo, na hakuna aliyeinuka. Akainuka Yesu. Akavua vazi lake, akajifunga kitambaa kiunoni, akainama. Yuda alikuwa bado hajatoka, kwa hiyo na miguu ya Yuda ilioshwa. Hapo huwa nasimama kila mara, siwezi kuendelea kusoma haraka. Kama ni leo, tungesema Bwana wetu alifanya kazi ya dada.

Niwaambie la nyumbani kwangu. Miaka kadhaa iliyopita ilipotea shilingi 20,000 niliyokuwa nimeiweka juu ya kabati. Sikuuliza mara mbili. Nilimwita binti aliyekuwa akinisaidia, nikamsema kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, mbele ya wanangu watatu. Nikamwambia amwage begi lake sebuleni. Akamwaga. Gauni mbili, kanga, picha ya mama yake iliyokunjwa kona, na Agano Jipya dogo. Fedha hamna. Akaokota vitu vyake kimoja kimoja, akarudi kumalizia vyombo.

Siku ya nne nikaichukua pochi niliyoendea harusini, nikaikuta noti mbili za elfu kumi kumi.

Wapendwa, kumrudia Mungu siku ile haikuwa shida. Nilipiga magoti chumbani, nikatubu, nikalia. Shida ilikuwa kutoka chumbani kwenda jikoni. Hatua zile hazifiki kumi na tano. Nilikaa kitandani nikijiambia nitamnunulia kitenge, atajua nimejuta. Lakini niliyemdhalilisha mbele ya watoto, nitamwombaje msamaha kwa kitenge? Nikawaita wanangu wote, nikasimama mlangoni mwa jiko, nikasema, "Mwanangu, nilikosea. Hukuiba. Nisamehe." Mikono yake ilikuwa na povu la sabuni. Akasema, "Yameisha, mama," akageukia masufuria, mabega yakawa yanatikisika. Mwanangu wa mwisho akaenda akamshika sketi.

Nimesikia mahubiri mengi juu ya upole. Upole wenyewe nilianza kuujifunza pale mlangoni.

Na tabia bila matendo haitoshi. Mshahara wa dada ni wa tarehe ngapi? Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako mpaka asubuhi. Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na Bwana anazisikia. Wengine tunatoa fungu la kumi tarehe 30 na dada tunamwambia "subiri kidogo." Halafu, anakula wapi? Anakula saa ngapi? Akiumwa malaria, analala au anaosha vyombo akiwa na homa?

Muda umekwisha, naona mzee ananionyesha saa. Nina ombi moja. Jumapili sisi tunakuja kuimba, dada anabaki na watoto na chakula cha mchana. Kuanzia Jumapili ijayo, wakati wa ibada ya kwanza, nitakuwa nyumbani kwangu na watoto wadogo wa familia tatu, ili mabinti wa nyumba hizo waje kanisani. Mimi nitahudhuria ibada ya pili. Familia mbili zimeshakubali, nahitaji moja, na mama mmoja wa kunisaidia, maana wale wa miaka miwili wanakimbia. Nitakuwa hapo mlangoni.