"Si Alikubali Mwenyewe?"

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote hamjambo.

Swali lililonileta mbele yenu, kuhusu mtu aliyenaswa na biashara haramu ya binadamu, ni fupi: "Si alikubali mwenyewe?" Huulizwa polisi, huulizwa mahakamani, na linalochoma zaidi, huulizwa nyumbani kwao na watu wa damu yake. Binti ameahidiwa kazi ya ndani nchi ya mbali. Amefika, mwajiri amechukua pasipoti yake na kuifungia kabatini. Kesho yake anaonyeshwa daftari: nauli, viza, ada ya wakala, hata shuka analolalia, vyote vimeandikwa juu yake. Mshahara wa kwanza unamezwa na daftari, wa pili vilevile, na deni haliishi. Hapo alikubali nini?

Jibu la kisheria lipo tangu tarehe 15 Novemba 2000, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Itifaki ya Palermo dhidi ya biashara haramu ya binadamu. Kifungu cha 3 kinatazama mambo matatu: kitendo, kama kumsafirisha au kumpokea mtu, njia, kama hila, vitisho au kutumia vibaya unyonge wake, na lengo, yaani kumnyonya. Njia hizo zikitumika, ridhaa yake haihesabiki. Akiwa na umri chini ya miaka 18, hata njia haihitaji kuthibitishwa.

Lakini Itifaki hiyohiyo ina jambo linaloniuma. Kwa wahalifu, kifungu cha 5 kinazilazimisha nchi kutunga sheria ya kuwaadhibu. Kwa msaada wa manusura, yaani malazi, matibabu, ushauri na mafunzo ya kazi, kifungu cha 6 kinazitaka nchi zifikirie kuyatoa. Zifikirie, ndugu zangu! Ndiyo maana manusura wengine huthaminiwa kama mashahidi tu. Kesi ikifungwa, wanarudishwa kwenye dhiki ileile iliyowafanya wamwamini wakala.

Dhiki hiyo ina mizizi, na waliouandika Mkataba wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake, yaani CEDAW, mwaka 1979, waliiona. Kifungu cha 6 kinazitaka nchi zikomeshe biashara ya wanawake, na hakikusimama peke yake: humohumo mna elimu, ajira, mikopo ya benki, ndoa na mali. Msichana aliyenyimwa shule na urithi huwa windo jepesi. Kamati ya wataalamu 23 inayosimamia mkataba huo ililieleza hili kwa kina mwaka 2020, katika Pendekezo la Jumla namba 38.

Nirudi kwenye lile kabati. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani mwaka 2011. Kifungu cha 9 kinasema mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria mwenyewe. Kifungu cha 15 kinataka ada ya wakala isikatwe kwenye mshahara wake. Kabati na daftari, vyote vimetajwa! Hata hivyo nchi nyingi bado hazijauridhia, na zinazowapokea wasichana wetu kwa wingi zimo humo.

Basi faili la binti huyu likifika mezani kwenu, swali la ridhaa liwekeni kando kwanza. Ulizeni pasipoti yake ilikuwa kwa nani, kisha ombeni lile daftari.